Dosie 23, marais 19: vyuo vya ng'ambo vinatafuta uongozi upi?

MpigaChapa (Bukavu)

Wakubwa na wadogo, salamu kutoka Nyawera.

Nina sekretariati ya barabarani: kompyuta tatu, printa moja inayokohoa, na jenereta ndogo ya kutuokoa umeme ukienda. Nachapa, naskani, natoa fotokopi. Tangu miaka kadhaa natafsiri pia dosie za vijana wanaoomba shule Marekani, Kanada na Afrika Kusini. Msimu uliopita, kuanzia Oktoba hadi mwanzo wa Januari, zilinipitia 23. Nilizihesabu kwa sababu moja: 19 zilikuwa za marais.

Rais mwanzilishi wa asbl (chama kisicho cha faida) ya mazingira. Rais mwanzilishi wa fondasio ya kumaliza njaa Afrika (Afrika nzima, jamani). Koordineta mkuu wa mtandao wa vijana wa amani. Mmoja wa miaka 17 alikuwa rais wa vyama vinne, na nembo za vyama vyote vinne nilimchorea mimi, wiki hiyo hiyo, dola tano kila moja. Nilipokea pesa, sikatai. Jenereta hainywi maji.

Ninawaelewa. Sisi wa Kivu tumekulia kwenye mji ambao kila kona ina kibao cha asbl na kila kibao kina koordineta mwenye jile (kizibao) na gari. Mtoto anajua mtu wa maana anavyofanana. Akisikia chuo cha Marekani kinataka "uongozi", anakimbilia kibao.

Sasa fomu yenyewe. Wengi wanapitia Common App, fomu moja ya mtandaoni inayopokelewa na vyuo vingi vya Marekani. Ina sehemu ya shughuli za nje ya darasa, zile ambazo prefe wetu (wakuu wa sekonderi) wanaziita za parasikoleri. Nafasi ni 10, na si lazima uzijaze zote. Kwa kila shughuli unapewa herufi 50 za cheo, herufi 100 za jina la chama, na herufi 150 za kueleza ulichofanya. Meseji moja ya simu ina herufi 160, kwa hiyo kazi yako ya miaka mitatu inabidi iingie ndani ya chini ya meseji moja. Halafu wanauliza: saa ngapi kwa wiki, wiki ngapi kwa mwaka, ulifanya ukiwa madarasa gani.

Hapo kwenye saa ndipo marais wanapoanguka. Kijana wangu wa vyama vinne aliandika saa 15 kwa wiki kila chama, wiki 52. Jumlisha: saa 60. Ongeza masomo, ongeza kwenda na kurudi kwa miguu, ongeza misa. Nikamwambia, mdogo wangu, unalala lini? Akacheka, akapunguza hadi 12.

Kuna karatasi nyingine ambayo vyuo vingi vya kule hutoa kila mwaka, inaitwa Common Data Set. Sehemu C7 inaonyesha chuo kinapima nini na kwa uzito gani: alama, ugumu wa masomo, insha, barua za mapendekezo, shughuli za nje ya darasa, kipaji, tabia, kazi ya kujitolea, kazi ya kulipwa, na mengine. Nimeisoma juu mpaka chini. Mstari unaoitwa "uongozi" haumo. Uongozi unatafutwa ndani ya mistari hiyo mingine, na kazi ya kulipwa ina mstari wake peke yake. Mtoto anayeuza unga na mama yake Kadutu ana mstari wake pale, na hajui.

Wa dosie ya 20 aliniachia ukurasa wa shughuli mtupu. "Mimi sina kitu, mukubwa." Nikamuuliza, Jumapili unafanya nini? Ekodimu (shule ya Jumapili ya kanisa). Unakaa tu au? Hapana, mimi ni moniteri, nafundisha watoto. Watoto wangapi? Kama sitini. Halafu akasema, kama anayeungama kosa, kwamba baada ya nyimbo anawabakisha wale wasiosoma shule na kuwafundisha herufi kwa makaa na mbao, ana daftari la majina, na kumi na mmoja sasa wanasoma mstari wa Zaburi bila kusaidiwa. Miaka mitatu hiyo. Hakuiandika kwa sababu "si shule, na hakuna karatasi".

Nataka kusikia wenzangu. Nyinyi mliokubaliwa, mliokataliwa, mnaosomesha: huyu na yule wa nembo nne, nani kiongozi?

Kenya_Lushi (Lubumbashi)

Ndugu yangu, njo muzuri, lakini batu ba Amerika njo banauliza hayo. Huku kwetu hakuna mutu atakuuliza uliongoza nini. Banauliza: ulipiga ngapi ku Egzeta, mutihani wa taifa wa kumaliza sekonderi? Na ukitaka polytechnique, unapita testi. Basi. Na Ubelgiji ni vile vile, banataka ulinganisho wa diploma yako, hawatafuti kama uliimbisha kwaya. Mutoto wangu alipiga 64, akaingia, hakuna nembo hata moja.

Naona munapotezea batoto wakati. Basome kwanza.

(Usifikiri nakaa Nairobi. Kenya ni komine yetu, sehemu ya muji, hapa Lubumbashi.)

MpigaChapa

Mzee wa Kenya, sikupingi. Hata huko Uingereza maelezo binafsi ya UCAS, mfumo wao wa kuomba vyuo, yanataka zaidi ujue somo unaloomba; ukapteni wa timu unaingia kama chumvi tu. Ni Marekani, na ufadhili wa Kiafrika unaofuata mtindo wao, ndiko swali hili linakouma. Na kama wazazi wako hawawezi kulipa, huko kwenye ufadhili ndiko utakakokwenda kubisha.

Mtoto wako pale polytechnique anafanya nini zaidi ya kusoma?

Kenya_Lushi (Lubumbashi)

Ni CP, shefu wa promosio, anawakilisha wenzake wa mwaka wake. Mateso matupu. Anakusanya pesa za silabusi, anakimbiza asistenti, profesa akikosa kuja yeye njo anatukanwa. Batu mia mbili na zaidi. Simu haizimi.

MpigaChapa

Unaona sasa? Siku akitaka master nje, hiyo ndiyo dosie. Mwambie aanze kuandika tarehe.

Msukuma_wa_Ziwa (Mwanza)

Naomba kuuliza kutoka upande wa pili wa mpaka. Kiranja mkuu anahesabika? Shuleni kwetu kiranja mkuu ni cheo kikubwa, unateuliwa na walimu.

MpigaChapa

Anahesabika, lakini herufi 150 zinamsubiri. Sisi huku tunasema kapita, au shefu wa darasa. Wengi huandika: "Niliheshimiwa na wanafunzi na kusimamia nidhamu." Hiyo ni ya makapita wote tangu wakati wa Wabelgiji. Andika kitu ambacho kisingekuwepo kama wewe usingekuwepo. Kama hakipo, cheo kiache kwenye zile herufi 50 na uendelee mbele.

Mtaalamu_Visa

Kwa wanaohitaji dosie kamili yenye VYETI VYA UONGOZI na barua za mashirika, njoo inbox. Dola 150 tu. Matokeo ya uhakika!!!

MpigaChapa

Msiende. Mwisho wa fomu unatia sahihi kwamba yote ni kweli, na chuo kinaweza kukunyang'anya nafasi hata ukiwa umeshakubaliwa. Moderata, ondoa huyu.

Mwalimu_wa_Hesabu (Bukavu)

Nimefundisha sekonderi miaka 16, na nimeandikia wanafunzi barua. Niongeze yale ambayo MpigaChapa anayapita haraka kwa kuwa yeye anaona karatasi, mimi naona watoto.

Kwanza asilimia. Kwetu mtoto wa Math-Physique mwenye 72 ni simba. Prefe anamsimamisha mbele ya wazazi siku ya proklamasio, matokeo yanaposomwa. Kwa Mmarekani asiyeijua Kongo, 72 ni mtoto wa kati anayevuta miguu. Uwe rais wa dunia, akikusoma hivyo hakuna atakayefungua ukurasa wa shughuli. Kwa hiyo barua ya shule lazima iseme: katika darasa la watu 40, wa kwanza alikuwa na 74, wa pili 72, na kufaulu kwetu ni 50. Mistari miwili tu, lakini shule nyingi haziiandiki kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaomba.

Pili, barua yenyewe. Ukimwomba prefe barua ya mapendekezo anakupa cheti cha tabia njema, mistari mitatu, kashe (muhuri) kubwa ya bluu. "Hakuwahi kufukuzwa." Mwenzetu wa Nairobi au Accra ana mwalimu mshauri aliyeandika kurasa mbili zenye visa. Msilalamike, fanyeni hivi: nendeni kwa mwalimu anayewajua, mkiwa na karatasi mliyoandika wenyewe matukio manne, tarehe na watu. Mwalimu si mchawi. Nina wanafunzi 300, siwezi kukumbuka kwamba ni wewe uliyewafundisha wenzako trigonometria wakati wa mgomo wetu wa walimu. Nikumbushe nami nitaandika vizuri.

Tatu, kalenda. Vyuo vingi vya kule vinafunga dosie za mapema karibu na tarehe 1 Novemba na za kawaida mwanzoni mwa Januari. Egzeta yetu inakuja katikati ya mwaka. Maana yake unaomba ukiwa huna diploma, una buletini tu, yaani ripoti za alama. Mtoto anayeanza kutafuta uongozi mwezi wa kumi na mbili wa mwaka wa mwisho amechelewa miaka miwili. Afadhali amalize, apate diploma, achukue mwaka mmoja wa kazi ya maana, kisha aombe. Inaruhusiwa, na si aibu.

Na pesa: vyuo vinavyosoma dosie ya mgeni bila kuangalia kama ana uwezo wa kulipa ni vichache. Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth, Bowdoin, na wengine wachache. Kwingine, kuomba msaada kunaweza kukupunguzia nafasi. Kwa hiyo huu uzi wa uongozi tunaujadili mbele ya mlango mwembamba sana, tusidanganyane.

Furaha_wa_Birere (Goma)

Yaya MpigaChapa, nimesoma nikicheka mpaka kwenye "kibao", halafu nikaacha kucheka.

Mimi ni mmoja wa waliopita. Niko chuo, mwaka wa tatu, ufadhili kamili. Na nakuambia unakosea kitu kimoja. Unaongea kama cheo si kitu. Ni rahisi kusema hivyo ukiwa mwanaume. Katika kila chama nilichowahi kuwamo Goma, rais alikuwa mvulana na katibu alikuwa msichana. Katibu anaandika ripoti, anapiga simu, anatafuta ukumbi, anapika chai ya mkutano. Rais anafungua mkutano kwa sala na kufunga kwa hotuba. Kisha wakati wa dosie, mvulana anaandika "rais" na msichana anaandika "nilisaidia". Neno hilo nimelisoma kwenye dosie za wadogo zangu mpaka limenichosha. Nilisaidia. Nilishiriki. Nilikuwa pamoja na wengine.

Tarehe 22 Mei 2021 volkeno yetu ya Nyiragongo ilipotapika, watu walikimbia usiku, wengine Sake, wengine Gisenyi. Watoto walipotezana na wazazi. Mimi na wasichana wengine wawili wa vijana wa Msalaba Mwekundu tulikaa kwenye uwanja wa kanisa tukiandika majina: mtoto nani, mtaa gani, amevaa nini, nani anamjua. Madaftari matatu. Baadaye kuna kijana aliyekuja na megafoni, akasimama juu ya kiti akasoma majina yetu. Mnajua picha ya nani ilitoka.

Kwenye rasimu yangu ya kwanza niliandika "nilisaidia kuandikisha watoto". Mtu mmoja aliyenisomea akaniuliza: nani aliamua kuandika nguo walizovaa? Mimi. Kwa nini? Kwa sababu watoto wadogo hawajui jina la mtaa, lakini mama anakumbuka sweta. Akasema, basi huo ndio uongozi wako, uandike, na ujiite msimamizi. Niliona aibu siku mbili. Nikajiita.

Wasichana, cheo mlichokifanyia kazi kiandikeni.

MpigaChapa

Dada Furaha, nimenyamaza dakika kumi kabla ya kujibu. Kweli kabisa. Nimerudi kuangalia zile 23: wale wanne wasio marais, watatu ni wasichana. Na mmoja kati yao nakumbuka mkutano wao ulifanyika hapa kwenye sekretariati yangu, yeye akichapa, rais akinywa Fanta.

Mwalimu_wa_Hesabu (Bukavu)

Furaha, swali. Uliandika insha kuhusu volkeno? Maana huku kila mtoto anaambiwa auze vita na maafa yake.

Furaha_wa_Birere (Goma)

Hapana mwalimu. Insha ina maneno yasiyozidi 650, na yangu niliyatumia kueleza duka la bibi na jinsi anavyokumbuka madeni ya watu 90 bila kuandika. Volkeno ilikaa kwenye shughuli, herufi zake 150, ikatosha. Sipendi kulia mbele ya watu nisiowajua. Mwingine akitaka kuandika maumivu yake ni haki yake, lakini asilazimishwe na mtu wa sekretariati 😀

MpigaChapa

Nimepokea, nimepokea.

Kenya_Lushi (Lubumbashi)

Huyu dada anasema kweli. Naleta mutoto wangu asome hapa.

Bidoni20 (Bukavu)

Samahani wakubwa, ni mara yangu ya kwanza kuandika. Niko mwaka wa tano wa sekonderi, Biochimie, tunakaa Panzi. Mimi ndiye mkubwa, tuko saba, mama anatoka saa kumi na moja asubuhi kwenda sokoni. Sina chama. Kiro (chama cha vijana wa Kikatoliki) niliacha kwa sababu mikutano ni Jumamosi na Jumamosi nafua. Niache tu hii habari?

MpigaChapa

Mdogo wangu, usiache. Kwenye orodha ya aina za shughuli ya Common App kuna aina inaitwa majukumu ya familia. Imeandikwa pale, si huruma yangu. Na fomu ya vyuo vya University of California, wao wana maswali manane unachagua manne, maneno 350 kila moja, na la kwanza kabisa ni la uongozi: mfano ulivyowaathiri wengine kwa wema, ulivyosaidia kutatua ugomvi, au ulivyochangia kazi ya kundi kwa muda. Katika maelekezo yao wanauliza hata kama unaitunza familia yako. (California haina pesa nyingi kwa wageni, nakuonyesha tu wanavyofikiri.)

Saba hao unawapangaje?

Bidoni20 (Bukavu)

Kawaida tu. Napika, nakagua madaftari yao, nawapeleka wadogo shule. Zaidi ni maji. Robine (bomba) ya mtaa inatoa maji usiku tu, na zamani watu walikuwa wanapigana. Mama mmoja alivunjwa mkono. Ndipo nikaanza kuandika zamu.

Furaha_wa_Birere (Goma)

Simama hapo hapo. Nani alianza kuandika zamu?

Bidoni20 (Bukavu)

Mimi. Nilichukua daftari la kemia lililobaki nusu. Nyumba 38. Wazee na wajawazito mbele, bidoni (madumu) mbili kila zamu, asiyekuja anaruka. Mwanzoni kuna mzee alikataa kuandikwa na mtoto wa kike, nikampa kazi ya kuita majina, akatulia. Sasa yeye ndiye mkali kuliko wote.

Mwalimu_wa_Hesabu (Bukavu)

Mungu wangu. Na ukiwa na mitihani?

Bidoni20 (Bukavu)

Nimefundisha wawili, mdogo wangu na binti wa jirani. Wanashika daftari wiki ya mitihani.

MpigaChapa

Andika herufi 150. Sasa hivi, kwa Kiswahili, kutafsiri ni kazi yangu na hii ni bure.

Bidoni20 (Bukavu)

"Naandika zamu za maji za nyumba 38: wazee na wajawazito kwanza, bidoni 2 kwa zamu. Ugomvi ulipungua. Nimefundisha wawili kushika daftari."

MpigaChapa

Nimehesabu pamoja na nafasi: 137. Kwa Kiingereza itabidi tukaze kidogo, lakini itaingia. Saa kwa wiki andika zile za kweli, usiogope zikiwa nyingi. Tafuta pia mtu wa kukuandikia barua anayeijua hiyo robine: shefu wa avenyu (kiongozi wa mtaa), au mama aliyevunjwa mkono akisaidiwa na mwalimu wako. Cheo?

Bidoni20 (Bukavu)

Niandike "msaidizi wa maji"?

Furaha_wa_Birere (Goma)

WEWE. Unamsaidia nani?

Bidoni20 (Bukavu)

Mwanzilishi na mwandishi wa zamu za maji?

MpigaChapa

Herufi 40. Haya, mwanzilishi wa 20 kwenye hesabu yangu, na nembo sichori. Pita Nyawera Jumatano na buletini za miaka mitatu, tuanze na zile asilimia mwalimu alizosema. Kama umeme haupo, gonga mlango wa nyuma.

Kenya_Lushi (Lubumbashi)

Na asome! Biochimie si muchezo.

Bidoni20 (Bukavu)

Asanteni wakubwa. Jumatano nitakuja baada ya masomo. Naenda kulala kidogo, maji yanatoka saa tisa na daftari liko kwangu.